Kompyuta Haijazi Daftari Tupu

Mazungumzo kwa watumishi wa serikali na walimu juu ya maji ya ardhini katika nchi ya Mbulu na Hanang



Katika wilaya zenye mvua chache, maamuzi ya serikali yanayowagusa wananchi upesi kuliko mengine ni yale ya maji: kisima kichimbwe wapi, kwa kina gani, na kitoe maji kiasi gani kwa siku. Dirma, katika nchi ya Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ni mahali ambapo maamuzi hayo hayana mzaha. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani kuanzia Novemba hadi Mei. Miezi inayobaki, watu na mifugo hutegemea malambo, makorongo yanayokauka, na maji yaliyo chini ya ardhi. Kisima kikichimbwa mahali pasipo maji, fedha za umma zimezikwa. Kikichimbwa penye maji machache kisha kikafungiwa pampu kubwa, wananchi hufurahi miaka michache, halafu hurudi korongoni na ndoo zao. Kikichimbwa penye maji mengi lakini yenye floraidi nyingi, watoto wa shule huota meno yenye madoa ya kahawia, na wakubwa wao huanza kulalamikia mifupa.

Siku hizi maamuzi hayo huletwa mezani yakiwa yameambatana na ripoti zenye picha za rangi zilizotolewa na kompyuta. Buluu ni maji mengi, nyekundu ni maji machache, na mishale inaonyesha maji yanakoelekea. Afisa ambaye si mtaalamu wa maji huombwa aidhinishe. Diwani huombwa awaeleze wananchi. Mwalimu huulizwa na wazee kama ni kweli kwamba mashine imeona maji chini ya mwamba. Kwa sababu hiyo inafaa watumishi wote, wala si wahandisi peke yao, waelewe programu hizo zinafanya nini, hukwama kwa nini, na kwa nini dawa ya kukwama kwake mara nyingi haimo ndani ya kompyuta.

Mashine inafanya nini

Kompyuta haioni maji. Inafanya hesabu ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1856 na mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Darcy alipitisha maji katika mabomba yaliyojazwa mchanga, akapima. Aliona kwamba kiasi cha maji kinachopita hutegemea mambo matatu: ukubwa wa njia, mteremko wa usawa wa maji kutoka upande mmoja hadi wa pili, na tabia ya mchanga wenyewe, yaani wepesi wake wa kupitisha maji. Changarawe hupitisha kwa wepesi. Udongo wa mfinyanzi hupitisha kwa shida. Mwamba usio na nyufa karibu haupitishi kitu.

Hesabu hiyo mwalimu anaweza kuifanya ubaoni. Ikiwa ardhi ina uwezo wa kupitisha mita 1 kwa siku, na usawa wa maji unashuka mita 1 katika kila mita 100, na matundu ya udongo ni sehemu moja katika tano ya ujazo wake, basi tone la maji litasafiri sentimita 5 kwa siku. Hiyo ni kama mita 18 kwa mwaka. Kwenda kilomita moja litatumia zaidi ya miaka 50. Mwanafunzi akishaifanya hesabu hiyo ataelewa kwa nini kosa la leo katika maji ya ardhini halionekani leo, na kwa nini halirekebishwi kwa msimu mmoja wa mvua.

Lakini nchi haifanani na bomba moja la mchanga. Ina milima, mabonde, tabaka za aina nyingi na visima vingi vinavyovuta maji kwa pamoja. Ndipo inapoingia kompyuta. Programu inayotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo inaitwa MODFLOW, iliyoandikwa na Michael McDonald na Arlen Harbaugh wa Idara ya Jiolojia ya Marekani na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Toleo la sita, MODFLOW 6, lilitoka mwaka 2017. Programu hiyo hutolewa bure, na idara hiyo hutoa bure pia ModelMuse, programu ya kuchorea ramani na kuingizia takwimu. Kwa hiyo bei si kikwazo kwa ofisi ya wilaya au chuo cha Tanzania.

Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi kueleza. Nchi inakatwa katika visanduku vingi, kama karatasi ya hesabu iliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kila kisanduku hupewa habari zake: sakafu yake iko kwenye kimo gani, mwamba wake unapitisha maji kiasi gani, mvua kiasi gani inazama hadi kukifikia, na kama kuna pampu inayovuta. Programu hukisia usawa wa maji katika kila kisanduku, huangalia kama maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka na yanayobaki, hurekebisha kisio lake, na kurudia tena na tena mpaka marekebisho yawe madogo kuliko kiwango ilichopewa. Hapo hesabu imetulia. Picha ya rangi hutoka baada ya hapo.

Katika kazi yote hiyo hakuna hata tarakimu moja ya nchi ambayo kompyuta imeitafuta yenyewe. Zote imepewa. Ikiwa ofisi haina habari ya kisanduku fulani, mtu fulani amekisia, na kisio hilo litatoka upande wa pili likiwa limevaa rangi ileile ya buluu iliyovaliwa na kipimo cha kweli.

Programu inapokataa

Maradhi ya modeli yako ya aina mbili. Ya kwanza hupiga kelele: programu inasimama na kusema hesabu haikutulia. Ya pili ni ya kimya: hesabu inatulia, picha inapendeza, na jibu si la kweli.

Maradhi ya kelele humtisha mwanafunzi, lakini si ya hatari sana, kwa sababu hakuna anayeweza kuchimba kisima kwa modeli iliyokataa. Chanzo chake cha kawaida ni visanduku vinavyokauka. Programu inakisia usawa wa maji, usawa unashuka chini ya sakafu ya kisanduku, kisanduku kinahesabiwa kuwa kikavu na kutolewa katika hesabu. Majirani zake wanabeba mzigo wake, nao wanakauka. Katika duru inayofuata maji yanarudi, kisha yanaondoka, na hesabu inayumba kama mizani isiyopata kituo. Mara nyingi sababu ni sakafu iliyoandikwa kwa kimo kisicho sahihi, au pampu kubwa iliyowekwa mahali ambapo mwamba haupitishi maji ya kuilisha, au visanduku viwili jirani vilivyotofautishwa mno, kimoja changarawe na kingine mwamba mgumu, pasipo ushahidi.

Kuna dawa mbaya na dawa nzuri. Dawa mbaya ni kulegeza kiwango cha usahihi mpaka programu ikubali. Hiyo ni sawa na mtunza fedha ambaye, akiona hesabu hazilingani, anaamua kwamba shilingi elfu kumi si upungufu. Dawa nzuri ni kurudi nyuma. Pampu zote ziondolewe, tabaka ziwe moja, mvua iwe sawa mahali pote, na modeli iendeshwe ikiwa nyepesi hivyo. Ikitulia, kiongezwe kitu kimoja, iendeshwe tena. Kisha kitu cha pili. Kitu kitakachoiangusha ndicho chenye kasoro. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2011 matoleo mapya ya MODFLOW yamekuwa na mbinu ya hesabu inayostahimili vizuri zaidi visanduku vinavyokauka. Mbinu hiyo ina manufaa, lakini inasaidia hesabu tu. Haiongezi maji ardhini.

Programu inapodanganya

Maradhi ya kimya ndiyo yanayopaswa kuwashughulisha watumishi wa umma, kwa sababu ndiyo yanayopita mezani pao.

La kwanza ni la vipimo. Mchimbaji wa kisima huandika lita kwa sekunde. Modeli huenda inataka mita za ujazo kwa siku. Pampu ya lita 2 kwa sekunde inayofanya kazi mchana na usiku hutoa mita za ujazo 172.8 kwa siku. Na tarakimu ya mwamba iliyoandikwa kwa mita kwa sekunde ikisomwa kama mita kwa siku, jibu limepotoka mara 86,400. Programu haitalalamika, kwa maana yenyewe huona tarakimu, haioni maana yake.

La pili ni la mahali. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na vifaa vya setilaiti vya siku hizi hutumia msingi wa WGS 84. Mtu akichanganya misingi hiyo miwili bila kubadili hesabu, kisima kinahama kama mita 300. Katika uwanda mpana huenda kosa hilo lisionekane. Katika nchi ya Mbulu na Hanang, ambako kuta za Bonde la Ufa zimekata mwamba, mita 300 zaweza kukivusha kisima kutoka upande mmoja wa ufa hadi wa pili. Kimo nacho kina mtego wake. Kifaa kidogo cha setilaiti cha mkononi kinaweza kukosea kimo kwa mita 10 au zaidi, hali tofauti ya usawa wa maji kati ya visima viwili huenda ni mita chache tu. Kwa kosa hilo mshale wa modeli utageuka, na maji yataonekana yakitoka mahali ambapo kwa kweli ndiko yanakokwenda.

La tatu ni la mipaka. Kila modeli ina ukingo, na mtengenezaji wake hana budi kuiambia ni nini kinachotokea ukingoni. Njia nyepesi ni kuchukua ziwa na kuandika kwamba usawa wake haubadiliki kamwe. Ziwa Balangida, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa karibu na mlima Hanang, ni la maji ya chumvi, lina kina kidogo, na katika miaka ya ukame hupungua mno. Likiandikwa kuwa na usawa usiobadilika, programu hulifanya hazina isiyo na mwisho. Pampu zitaongezwa katika modeli, na modeli itazilisha zote, ikichota kutoka ziwani bila kusema. Ripoti itaeleza kwamba vijiji vitapata maji ya kutosha, na maji hayo hayapo. Na kama yangekuwapo, yasingenyweka.

Namna ya kulifichua kosa hilo iko wazi hata kwa asiye mhandisi. Kila modeli ikimaliza kazi huandika jedwali la mapato na matumizi ya maji: kiasi gani kimetoka kwenye mvua, kiasi gani kwenye mto au ziwa, kiasi gani kimechukuliwa na visima. Tofauti ya jumla mbili hizo inatakiwa iwe chini ya asilimia 1. Lakini afisa asiridhike kwa kuwa jumla zinalingana. Hesabu za fedha pia zinaweza kulingana kwa stakabadhi za uongo. Aulize fungu kubwa la mapato linatoka wapi. Akiambiwa linatoka ukingoni mwa modeli, amekwisha kupata swali la kumrudishia mtaalamu.

La nne ni gumu zaidi, na ndilo kiini cha mazungumzo haya. Chukua modeli ambayo usawa wake wa maji unafanana vizuri na usawa uliopimwa visimani. Zidisha mara mbili mvua inayozama ardhini, na zidisha mara mbili wepesi wa mwamba wa kupitisha maji. Ukiacha pampu kando, usawa wa maji utabaki uleule kabisa. Modeli zote mbili zitalingana na visima, lakini ya pili inadai kwamba nchi ina mapato ya maji mara mbili ya yale ya kwanza. Kwa vipimo vya usawa peke yake hakuna hesabu yoyote, iwe ya kompyuta au ya kalamu, inayoweza kuamua ipi ni kweli. Lazima kipatikane kipimo kingine: maji yanayotoka katika chemchemi, kiasi kinachovutwa na pampu, au namna usawa unavyopanda na kushuka mwaka hata mwaka.

Ukubwa wa jambo hili unaweza kuonyeshwa kwa mfano. Tuseme mahali fulani panapata milimita 600 za mvua kwa mwaka. Ikiwa asilimia 3 ya mvua hiyo inazama hadi kwenye maji ya ardhini, kilomita moja ya mraba inapokea mita za ujazo 18,000 kwa mwaka, yaani karibu lita 49,000 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kwa hiyo maji hayo yanatosha watu wapatao 1,970, kabla ya kuhesabu ng'ombe hata mmoja. Ikiwa mtengenezaji wa modeli ameandika asilimia 10 badala ya 3, kilomita hiyohiyo inaonekana kutosheleza watu zaidi ya 6,500. Kosa la tarakimu moja ndani ya ofisi limezaa watu 4,600 wasio na maji, na picha yao ni ya buluu.

Mafunzo ya Makutupora

Tanzania ina mahali pake penyewe pa kujifunzia jambo hili. Ni Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, ambako kuna visima vinavyoulisha mji huo. Tangu miaka ya 1950 usawa wa maji ulikuwa ukipimwa huko na kuandikwa. Watumishi waliofanya kazi hiyo kwa zamu zao, wengi wao bila majina yao kujulikana, hawakuwa na kompyuta. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa nje, wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika nchi kavu za kitropiki.

Zilichoonyesha hakikutarajiwa na wengi. Maji ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Kwa miaka kadhaa mfululizo usawa hushuka tu, mvua ikinyesha bila ya kuufikia mwamba. Kisha huja msimu wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998, na usawa hupanda kwa nguvu. Misimu hiyo michache ndiyo inayobeba maisha ya visima.

Basi fikiria modeli iliyotengenezwa kwa wastani wa mvua wa mwaka. Itagawa maji ya msimu mmoja mkubwa katika miaka kumi, itaonyesha mapato kila mwaka, na itawaambia viongozi wavute kila mwaka bila hofu. Miaka sita ya kushuka mfululizo itawakuta hawana akiba wala tahadhari. Modeli iliyopewa miaka mitano tu ya vipimo, ikawa ni miaka ya ukame, itakosea upande wa pili na kusema nchi imekwisha. Kilichoweza kuondoa makosa hayo ni daftari la nusu karne. Nchi ya Hanang yenyewe ilikumbushwa mwezi Desemba 2023 kwamba wastani wa mwaka hausemi yote, pale mvua kubwa ilipoporomosha matope ya mlima juu ya Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80.

Hali ya Dirma

Ni dhahiri kwamba Dirma si Makutupora. Nchi ya Mbulu na Hanang ina mawe ya volkano karibu na mlima Hanang, ina mwamba mgumu wa kale mahali pengine, na ina nyufa za Bonde la Ufa. Ufa wa ardhi unaweza kuwa mfereji unaopitisha maji, au ukuta unaoyazuia. Ramani peke yake haisemi ni upi. Maji ya upande huo hayaendi baharini. Huishia katika maziwa yasiyo na njia ya kutokea, na ndiyo maana nchi hiyo iko chini ya Bonde la Kati, ambalo ofisi yake iko Singida. Kati ya mwaka 2005 na 2008 Wizara ya Maji, pamoja na shirika la maendeleo la Japan, JICA, ilifanya uchunguzi wa maji ya ardhini ya bonde hilo zima. Uchunguzi wa namna hiyo ni msingi mzuri, lakini ni picha ya wakati mmoja. Hauwezi kueleza visima vimefanya nini katika miaka iliyofuata.

Mambo mawili ya huko hayana budi kukumbukwa na kila anayeletewa modeli. Kwanza ni floraidi. Katika miaka ya 1970 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita katika maji ya vijijini, baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Modeli ya mwendo wa maji inasema maji yapo na yanakwenda wapi. Haisemi yamebeba nini, mpaka iongezewe hesabu ya pili ya madini, na hesabu hiyo nayo inataka vipimo vya maabara kutoka kila kisima. Kisima chenye maji mengi katika picha ya buluu chaweza kuwa ndicho kisichofaa kunyweka.

Pili ni mifugo na ardhi. Wabarabaig na majirani zao wafugaji hawanyweshi kila mwezi mahali pamoja; huhama kufuata malisho na maji. Wairaqw wanalima na kufuga palepale. Na tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya nyanda za Basotu iligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Ardhi iliyolimwa kwa trekta hainyonyi mvua sawasawa na mbuga ya majani. Modeli inayoweka matumizi ya maji yaleyale kila mwezi, na mvua inayozama kwa kiasi kilekile shambani na mbugani, imewasahau watu wenyewe. Wazee wanaojua korongo gani lilikuwa na maji mwaka gani, na kisima gani cha mkono kilikauka kwanza, wana habari ambazo hazimo katika setilaiti yoyote. Kuwauliza ni sehemu ya kazi ya kitaalamu.

Yanayopaswa kufanywa

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Lengo halikufikiwa mwaka 1991, na wataalamu wameeleza sababu nyingi: fedha, vipuri, mafuta ya mashine, na wananchi kutoshirikishwa. Sababu mojawapo isiyotajwa sana ni kwamba visima vilichimbwa na kuachwa bila kufuatiliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya ardhini ni mali ya namna hiyo hasa, kwa vile hupotea mahali pasipoonekana.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali vya kutumia maji na imezipa bodi za mabonde kazi ya kuyasimamia. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Vyombo vipo. Wajibu wa mtumishi wa wilaya ni kuhakikisha kwamba hakuna mkandarasi anayelipwa fedha ya mwisho kabla ya kukabidhi taarifa kamili ya kisima: tabaka zilizopitiwa, kina ambacho maji yalipatikana, usawa yalipotulia, matokeo ya jaribio la pampu, na floraidi. Kisima kikavu nacho kiandikwe. Kwa modeli, habari kwamba mahali fulani hapana maji ina thamani sawa na habari kwamba yapo. Lakini visima vikavu ndivyo vinavyosahauliwa upesi, kwa kuwa hakuna anayependa kuvikumbuka.

Na afisa anayeletewa ripoti ya kompyuta aulize maswali matano kabla ya kutia sahihi. Usawa wa maji umepimwa katika visima vingapi, na kwa miaka mingapi? Mvua inayozama ardhini imepatikanaje? Fungu kubwa la maji ya modeli linatoka wapi? Je, modeli imejaribiwa kwa vipimo ambavyo havikutumika kuitengeneza? Na ikiwa makisio yatakosewa kwa nusu, ushauri utabadilika? Mtaalamu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Yeye mwenyewe amejiuliza.

Kwa upande wa walimu, kazi iliyopo ni ya fahari na haina gharama kubwa. Kupima usawa wa maji kisimani kunahitaji utepe wa chuma na chaki. Mita ya mwisho ya utepe hupakwa chaki, utepe hushushwa kisimani mpaka alama iliyochaguliwa, tuseme mita 30, ifike sawa na mdomo wa kisima, kisha huvutwa juu. Chaki iliyolowa huonyesha utepe umezama kiasi gani. Ikiwa imelowa sentimita 65, maji yako kwenye kina cha mita 29 na sentimita 35. Utepe usafishwe kwanza, kipimo kichukuliwe asubuhi kabla ya kuchota kuanza, na kila mara kutoka alama ileile mdomoni mwa kisima. Pale kisima kilipofunikwa kwa pampu, fundi aombwe aache tundu dogo lenye kifuniko. Kando yake iwekwe chupa ya kupimia mvua, isomwe kila siku saa tatu asubuhi.

Darasa moja likipima mara moja kila mwezi, kwa mwaka litakuwa na tarakimu kumi na mbili. Ni chache. Lakini darasa hukabidhi daftari kwa darasa linalofuata, na baada ya miaka 20 shule ya Dirma itakuwa na kitu ambacho hakinunuliwi kwa fedha yoyote, kwa maana hakuna anayeweza kurudi kupima mwaka uliopita. Nakala ipelekwe kila muhula kwa ofisi ya maji ya wilaya na kwa ofisi ya bonde Singida. Wanafunzi nao watakuwa wamejifunza kwa mikono yao hesabu, jiografia na uraia kwa pamoja.

Ndugu watumishi na ndugu walimu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Programu za kompyuta ni zana njema, na vijana wa Tanzania wafundishwe kuzitumia kwa ustadi, kuzitengeneza zinapokwama, na kuzitilia shaka zinapopendeza mno. Hata hivyo katika nchi kama Dirma kipimo kinachopungua kitabaki kupungua hata mashine ikiwa na nguvu kiasi gani. Kisima kitakachochimbwa huko mwaka 2045 kitategemea tarakimu zinazoandikwa sasa, na anayeweza kuziandika ni mtu aliye karibu na kisima, mwenye utepe, chaki na daftari.